Kwa Nini Niliacha Mabuti

Wakati nilipokuwa bado na mabuti yangu ya mlimani, siku moja niliyachukua hadi kwenye duka la jirani yangu nikayapima kwa mizani yake, ile anayopimia sukari na maharage. Jozi nzima ilikuwa kilo 1.7. Jirani alicheka, akaniuliza kama nataka anifungie kwenye gazeti. Kisha nikavua raba nilizokuwa nimevaa, nikaziweka nazo. Zikawa gramu 600. Nilisimama pale peku, mtu mzima mwenye mvi, nikitazama mizani kama mtu aliyegundua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipunjwa.

Katika insha hii nataka kuuhakiki ushauri mmoja ambao nimeusoma katika kila orodha ya vifaa vya wapanda milima niliyopata kuiona, na ambao mimi mwenyewe niliwafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi: kwamba mtu anayekwenda mlimani sharti avae buti zito, la ngozi nene, lenye shingo ndefu, lisilopitisha maji. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nimewapeleka vijana milimani mara nyingi, na kila mara nilianza na ukaguzi wa viatu. Aliyekuja na raba alirudishwa nyumbani. Wako waliolia. Leo baadhi yao ni wazazi wenye watoto wakubwa, nami nikikutana nao barabarani huwa najiuliza kama wanakumbuka.

Ni vizuri kwanza nieleze mapenzi yangu kwa mabuti yalitoka wapi, maana ushauri mwingi tunaoutoa kwa sauti ya kitaalamu mizizi yake huwa mahali pengine kabisa. Mimi nilikulia kijijini, ambako kiatu kilikuwa kitu cha Jumapili. Siku nyingine tulitembea peku, na wazee walivaa makatambuga, yale ya matairi. Raba niliijua shuleni. Ilikuwa nyeupe kwa siku tatu za kwanza, baada ya hapo ikawa na rangi ya barabara. Nilipopita JKT mwaka 1983 ndipo nilipovaa buti kwa mara ya kwanza, na siku nilipolifunga kamba nikasimama, nilijiona nimekuwa mrefu zaidi. Buti lilikuwa na sauti. Mtu akikusikia unakuja alijua anakuja mtu. Basi tangu hapo, kwangu mimi, raba ilikuwa ya mtoto na buti lilikuwa la mwanamume. Miaka mingi baadaye, niliposoma vitabu vya wapanda milima wa Ulaya na kuona nao wanasisitiza buti, nilifurahi, kwa kuwa walikuwa wananithibitishia jambo ambalo nilikwisha kuliamini kwa sababu nyingine.

Mabuti ya kilo 1.7 niliyanunua mwaka 2008, mapya kabisa, kwa fedha ambazo sikumwambia mke wangu zote. Muuzaji aliniambia, “Mzee, hili hata ukiingia nalo baharini, soksi inatoka kavu.” Nikamwamini.

Mwezi wa Aprili mwaka 2009 nilikwenda kutembea katika milima ya Usambara Magharibi, kutoka Lushoto hadi Mtae, kwa siku tatu. Aprili ni masika, na watu wenye akili walinishauri ningoje hadi Juni. Lakini likizo yangu ilikuwa Aprili. Nilifuatana na mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa mpagazi katika mlima Kilimanjaro. Yeye alivaa raba za mtumba, nyepesi, za wale watu wanaokimbia porini, zenye meno chini na kitambaa cha wavu juu, kitambaa ambacho ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nilimtazama miguuni, nikatikisa kichwa. Hakujibu kitu. Mjomba ni mjomba.

Siku ya kwanza tulipita msitu wa Magamba, na mabuti yalifanya kazi yake. Nilikanyaga madimbwi kwa makusudi. Siku ya pili mvua ilianza alfajiri. Kabla ya saa nne tulifika kwenye kijito ambacho kwa kawaida mtu hukiruka, lakini siku ile kilikuwa kimepanda hadi katikati ya muundi. Mpwa wangu alikivuka bila kusimama. Mimi nilitafuta mawe, nikakanyaga la kwanza, nikakanyaga la pili, na la tatu likanikataa. Maji yaliingia kwa juu, kwenye mdomo wa buti, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi: kiatu kisichopitisha maji kuingia hakipitishi maji kutoka. Nilitembea siku nzima nikiwa nimebeba kijito kile miguuni. Kila hatua ilitoa mlio. Mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni na tenga la karoti kichwani, amevaa ndala, alitupita katika mteremko wa udongo mwekundu, akaniangalia chini na kusema kwa huruma ya kweli, “Pole baba, viatu vimekunywa maji.” Kisha akaendelea na safari yake, akatuacha.

Tulilala Rangwi. Mpwa wangu alivua raba zake, akazikung’uta, akatoa soli za ndani, akakamua soksi na kuvaa zile kavu alizokuwa amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Asubuhi raba zilikuwa na unyevu kidogo. Baada ya saa moja ya kutembea zilikuwa zimekauka miguuni mwake. Mabuti yangu niliyajaza magazeti usiku kucha, nikayabadilisha magazeti mara mbili, na asubuhi nilipoingiza mguu nilihisi kama ninauingiza katika tumbo la samaki. Tulipofika Mtae siku ya tatu, pale ambapo nchi inakatika ghafla na kuiacha tambarare ya Mkomazi chini kabisa, nilikuwa na malengelenge saba. Wengine husimama pale kutazama mandhari. Mimi nilikaa chini nikatazama visigino vyangu.

Niliporudi nyumbani nikaanza kuchunguza hoja za mabuti moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi kuchunguza ramani kabla ya kuiamini.

Nianze na uzito. Chukua tofauti niliyoiona kwenye mizani, kilo 1.1 kwa jozi, yaani zaidi ya nusu kilo kwa kila mguu. Mtu anayetembea kilomita 20 kwa siku, kwa hatua za sentimita 70, hupiga hatua zipatazo 28,000. Kila mguu huinuliwa mara 14,000. Zidisha mwenyewe, ndugu msomaji, utaona kwamba kila mguu umenyanyua zaidi ya tani 7 za ziada kabla jua halijazama. Wala mzigo wa mguuni hauko sawa na mzigo wa mgongoni. Mwaka 1969 watafiti wawili wa jeshi la Marekani, Soule na Goldman, walichapisha matokeo ya kupima nguvu anayotumia mtu akibeba mzigo kichwani, mikononi na miguuni. Uliobebwa kichwani uligharimu zaidi kidogo tu ya uzito wa mwili wenyewe, habari ambayo mama yule wa karoti angeweza kuwapa bure. Lakini uliofungwa miguuni uligharimu mara nne hadi sita, kutegemea mwendo. Sababu yake si ngumu: mgongo unasafiri mbele kwa utulivu, bali mguu unaanza na kusimama, unainuka na kushuka, kwa kila hatua. Anayejisifu kwamba amepunguza kilo mbili kwenye mkoba wake, huku amevaa buti zito, ni kama mtu anayezima taa ya barazani na kuacha pasi ikiwaka.

Hoja ya pili ni maji. Mabuti ya kisasa yana utando mwembamba ndani, wa namna aliyoivumbua Robert Gore huko Marekani mwaka 1969. Utando huo una vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji lakini vinapitisha mvuke wa jasho. Ni kazi ya akili kubwa, nami siidharau. Ila mvuke hauendi kwa kuombwa. Husukumwa na tofauti iliyopo kati ya joto na unyevu wa ndani ya kiatu na ule wa nje. Katika nchi ya baridi na ukavu tofauti hiyo ni kubwa. Katika msitu wetu wa masika, ambako hewa ya nje yenyewe ni kama pumzi ya mtu, na ngozi ya buti imelowa na kupakwa udongo, jasho halina pa kwenda. Mguu unalowa kutoka ndani hata kabla kijito hakijafika. Tena utando wowote, uwe bora namna gani, una mlango mmoja usiofungika, nao ni ule unaoingizia mguu. Kwa hiyo katika nchi ya mvua nyingi na vijito, swali la kweli ni lini mguu utalowa, na baada ya hapo utachukua muda gani kukauka. Hapo kitambaa cha wavu kinashinda ngozi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa ngome yangu: kifundo cha mguu. Niliwaambia wanafunzi kwamba shingo ya buti hukishika kifundo kisiteguke. Niliamini hivyo kwa kuwa ndivyo inavyoonekana. Kitu kirefu na kigumu kinaonekana kama ukuta. Mwaka 1993 kulichapishwa Marekani uchunguzi juu ya wachezaji 622 wa mpira wa kikapu wa chuo, waliogawiwa kwa bahati nasibu viatu vya shingo ndefu na vya shingo fupi. Haikuonekana tofauti ya maana katika kuteguka. Sitaki kuifanya habari hiyo kubwa kuliko ilivyo: uwanja wa kikapu si mlima, na mchezaji hana mkoba mgongoni. Buti gumu la kweli, lililofungwa vizuri, pengine huzuia kitu. Lakini nimejichunguza mwenyewe katika mteremko wa mawe, nikaona kwamba nilipovaa mabuti nilikanyaga popote, kwa kuwa nililiachia buti kazi ya kufikiri. Soli ilikuwa nene na ngumu, sikuhisi jiwe linalocheza mpaka lilipokwisha kucheza. Nikiwa na raba nahisi mapema, na jicho langu hutangulia mguu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliyafunga macho yangu kwa kamba za buti.

Wala historia ya kiatu cha mlimani haiungi mkono wazo kwamba buti zito ni desturi ya milele isiyoguswa. Zamani Wazungu walipanda milima yao kwa mabuti yaliyopigiliwa misumari chini, nayo yalikuwa mazito na baridi yalipita kwenye chuma. Wapandaji walipofika kwenye miamba walivua mabuti na kuvaa viatu vyepesi. Mwaka 1935, katika mlima wa Punta Rasica huko Italia, wapandaji sita walikufa baada ya kunaswa na dhoruba wakiwa na viatu vyepesi visivyofaa kwa barafu. Mwenzao Vitale Bramani alinusurika, akaenda kutengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, ambayo ilitoka mwaka 1937 na ambayo mwaka 1954 ilikuwa miguuni mwa Waitalia waliofika kwanza kilele cha K2. Angalia kisa hiki vizuri, kwa maana kina makali pande zote mbili. Kinatuambia kwamba kiatu chepesi kinaweza kuua mahali pasipo pake. Lakini pia kinatuambia kwamba Bramani hakujibu msiba ule kwa kuongeza misumari. Alitafuta kitu kinachofaa kwa mwamba na kwa barafu pia, na kilichopatikana kilikuwa chepesi kuliko chuma.

Upande wa pili wa bahari, mwaka 1955, bibi mmoja wa Ohio aitwaye Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na mama wa watoto 11, aliiaga familia yake kwamba anakwenda kutembea, akatembea njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200, peke yake. Alivaa raba za kawaida za kitambaa, na vitu vyake alivibeba begani katika mfuko aliojishonea. Aliirudia njia hiyo mwaka 1957. Mwaka 1992 Ray Jardine alitoa kitabu cha mwongozo kwa watembeao njia ndefu ya Pacific Crest, akihimiza mizigo myepesi na raba badala ya mabuti. Wengi walimcheka. Siku hizi kwenye njia hizo ndefu za Marekani aliyevaa raba ndiye wa kawaida, na aliyevaa buti zito ndiye anayetazamwa.

Kwa silaha hizi zote nikawa mhubiri. Ndugu msomaji, hakuna mtu anayechosha kama mwongofu mpya. Nilizungumza juu ya raba harusini. Nilizungumza juu ya raba msibani, Mungu anisamehe. Na siku moja mwaka 2010, nikiwa na wageni nyumbani, nilimwita mpwa wangu aliyekuwa amekuja kutusalimu, nikamsimamisha mbele yao kama kielelezo ubaoni. Nikasema, “Mtazameni huyu. Amepanda Kilimanjaro miaka na miaka na mzigo mgongoni, na miguuni ana raba tu. Wazungu anaowabebea wamevaa mabuti ya mamia ya dola. Nani anaujua mlima?” Wageni walipiga makofi. Yeye alitabasamu, akatazama chini.

Wageni walipoondoka alinisaidia kurudisha viti ndani. Kisha akasema, “Mjomba, naomba nikwambie jambo, lakini usinikasirikie.”

Nikamwambia aseme.

Akanieleza kwamba katika msimu wake wa pili alipanda na kundi fulani hadi Kibo, kwenye vibanda vilivyo karibu na mita 4,700, naye amevaa raba ambazo soli yake ilikuwa imeachia mbele akaifunga kwa kamba ya katani. Walipoivuka ile tambarare iliyo kati ya Mawenzi na Kibo theluji ilianguka. Raba zililowa. Pale hakuna kutembea hadi zikauke. Ukifika unasimama, na jua likizama kila kitu kinaganda. Alikaa usiku ule na soksi moja tu, nayo mbichi, miguu ameiingiza katika gunia la viazi tupu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilipoteza hisia kwa wiki nyingi, na hadi siku ile tulipokuwa tukizungumza, vikipata baridi vilikufa ganzi. Hakumwambia mtu, kwa sababu mpagazi anayelalamika miguu hapewi safari nyingine.

“Mjomba,” akasema, “wewe ulikuwa na mabuti ukayaacha. Mimi sikuwa na la kuacha.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo ni baya kuliko kosa la mabuti: nilikuwa nimeuchukua ukosefu wa mtu nikauita busara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mimi nilikuwa nimekaa barazani nikiwaeleza wageni habari za kitanda cha mwingine. Mama yule wa karoti naye, ambaye nilikwisha kumgeuza kuwa ushahidi katika mazungumzo yangu, sikumwuliza kamwe kama ndala zile alizichagua.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba sifa za kiatu chepesi lazima ziandikwe pamoja na masharti yake, vinginevyo ni porojo tu. Sharti la kwanza ni kwamba kiatu chenyewe kiwe kizima: soli imara, meno yasiyolika, kinachokaa mguuni bila kucheza kisigino. Raba iliyochakaa ni raba iliyochakaa, uzito wake hauna fadhila. Sharti la pili ni soksi kavu za kulalia, maana ngozi iliyolowa mchana hupona usiku ikikauka, lakini isipokauka hulainika, hukunjamana na kupasuka. Sharti la tatu ni baridi. Kiatu kinachopitisha maji kinafaa mahali ambapo maji hayo yatabaki maji. Katika Usambara, katika Uluguru, katika miteremko ya chini ya Kilimanjaro hadi Mandara, mguu uliolowa ni usumbufu. Katika usiku wa kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako baridi huweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, mguu uliolowa ni hatari ya kupoteza vidole. Huko buti lenye joto, lililo kavu, ndilo jibu, na anayekwambia vinginevyo anakutakia mabaya. Mimi mwenyewe mwaka 2012 nilipokwenda nilitembea na raba hadi Kibo, na usiku wa manane nikafunga mabuti ya kuazima bila aibu yoyote.

Liko pia sharti la ardhi. Katika tambarare za migunga, mwiba huipenya soli ya povu kama sindano inavyopenya andazi. Wamasai wanaovaa makatambuga huko hawakukosea. Tairi la gari ni zito kuliko povu, lakini mwiba hulishindwa. Na liko sharti la mfuko. Raba hizi nyepesi hazidumu. Baada ya kilomita 800 au pungufu zimekwisha. Fundi viatu wangu, anayekaa chini ya mwarobaini karibu na stendi, alizigeuza mkononi akasema, “Mwalimu, buti nitakushonea hadi uzeeke, lakini hili povu sina la kulifanya.” Hoja hiyo wahubiri wa wepesi huipita haraka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi wenye raba tunayo ngoma yetu.

Kwa hiyo sisemi tena kwamba mabuti ni mabaya. Nasema kwamba ushauri unaoanza na kiatu kabla ya kuuliza njia, majira, mzigo na mguu wenyewe si ushauri. Ni woga uliovaa sare. Kwa mtembeaji wa kawaida, mwenye mkoba mwepesi, katika milima yetu ya joto na mvua, raba nyepesi inayokauka ni bora kuliko buti zito lisilopitisha maji, na ningewaomba radhi wanafunzi wale niliowarudisha kama ningewapata wote. Kwa mpagazi anayepanda na mzigo hadi kwenye theluji, ambaye kikomo cha mzigo wake kisheria ni kilo 20 lakini mizani haipo kila mahali, swali la wepesi ni la baadaye. La kwanza ni kuwa na viatu viwili ili aweze kuchagua. Tangu mwaka 2003 uko mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaoazima mabuti na nguo za baridi bila malipo kwa wale wasio nazo. Nimeona kazi yao, nayo ni uhakiki mzuri wa viatu kuliko wangu.

Mpwa wangu na mimi tunavaa nambari moja. Jioni ile, baada ya kumaliza kurudisha viti, nilikwenda chumbani nikayatoa mabuti chini ya kitanda. Yalikuwa bado na udongo wa Usambara kwenye soli. Nikampa. Akayajaribu, akatembea hatua chache kwenye saruji, na mke wangu akauliza kutoka jikoni ni nani anayekanyaga hivyo.

“Mazito, Mjomba,” akasema.

Nikamwambia, “Najua. Yavae ukifika Horombo.”